Mkono wa Kushoto

Imeletwa ndani ya gunia la sukari,
chapuo, ndefu kama mkono wangu hadi kiwiko.
Twalibu kaitua mezani kwangu, Bondeni,
kati ya pampu za baiskeli na chai iliyopoa.
"Kazi ya Fundi Kirua hii, babu yangu.
Kuna bwana wa Nyali hukusanya ngoma kuukuu.
Iwambe upya, iseme, nimpelekee Jumamosi."

Kirua nani asiyemjua?
Vumi la Kuze ni lake.
Msondo wa Makadara ni wake pia,
ule uliopasuka, wajukuu wakaufanya kinu.
Wazee husimulia: akipita Marikiti
wauza ndizi walimwamkia kwa vidole
juu ya makasha, ta-ki, ta-ki-ta,
naye hugeuka kumtafuta aliyekosea.

Sikuanza na kisu. Ngoma kuukuu huulizwa kwanza.
Nikaigonga kwa ukucha: ikakohoa.
Nikainusa: moshi wa makumbi,
mafuta ya nazi yaliyochacha,
na chini kabisa, kama mtu aliyeondoka chumbani,
asumini.

Ndipo nikakata kamba.
Ngozi ikabanduka, chini yake ngozi,
na chini yake nyingine: mafundi watatu wavivu,
kila mmoja kawamba juu ya uvivu wa mwenziwe.
Nikamulika ndani kwa simu.

Tezo ina mwandiko.
Ya mtu wa kuume huacha magamba
yaliyolala upande mmoja, kama ya samaki.
Haya yalilala kinyume.
Nikaigeuza ngoma juu chini. Kinyume.
Nikazunguka meza, nikageuka mimi.
Kinyume.

Na picha ya Kirua iko kwa kinyozi, Kibokoni,
kavaa kofia ya vito, kakunja uso,
tezo mkononi: mkono wa kuume.

Nikampigia mama.
Kimya. Nikasikia akitema tambuu.
"Mishi," akasema. "Mkewe. Ana shoto yule.
Utotoni walimfunga mkono kwa leso
ale kama watu, aandike kama watu.
Akala kama watu.
Lakini usiku, uwani, kwenye kibanda cha kuni,
nani atamfunza tezo adabu?
Mume alichagua mti, akapokea pesa.
Kwenye chakacha tulimkalisha mwisho wa safu
kiwiko chake kisimgonge mtu.
Tukipotea, sote twamsikiza yeye."
Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.
Wahenga walisema hivyo, wakanyamaza;
hawakusema kwake ni upande gani,
wala nani aliyekuwa akishika taa.

Nililoweka ngozi ya mbuzi wa Kongowea siku mbili,
nikaikwangua manyoya kwa kipande cha chupa.
Nikajaribu kuvuta kwa mkono wake.
Mkono wangu huo ni mjinga, haujui ila kushikilia.
Jioni mbili nikavuta, nikafungua, nikavuta,
mdomo mmoja ukabaki legelege,
nikauacha hivyo hadi asubuhi, nikauonea haya.

Kabla ya kuufunga mdomo wa pili
nilichukua kalamu ya risasi
nikaandika ndani, penye magamba,
herufi tano tu, MISHI,
na tarehe. Huyo atakayepasua ngozi yangu
baada ya miaka thelathini, au kesho, atasoma.

Jumamosi niliwasha gazeti, nikaikanza ngoma.
Nikaipiga kwa kuume: ikaitika kwa heshima,
kama mke wa watu aliyeitwa dirishani.
Nikabadilisha mkono.
Jirani muuza mkaa akainua kichwa.

Nilimweleza Twalibu. Alisikiliza vizuri,
akaipapasa ngoma kwa ncha za vidole,
akauliza: "Sasa bei itashuka?"
Nikamwambia sijui bei za Nyali.
Akalipa nusu.
Nusu ya pili bado naidai,
na juzi nilimwona kwa mbali, Mwembe Kuku,
akinunua tikiti maji, akilichagua kwa kuligonga.
Kwa mkono wa kushoto.